Manyoya ya Jogoo wa Bi Mwatum

Jogoo wa Bi Mwatum alipanda juu ya tangi la maji, akatanua mbawa, akanyoosha shingo, akafungua mdomo ili awike. Hapakutoka sauti. Aliufunga mdomo, akajaribu tena. Kimya. Nyumba za Jang'ombe zimebanana mpaka ukipiga chafya jirani anakuombea rehema, na jogoo yule ndiye aliyekuwa akiwaamsha, kwa hiyo asubuhi ile wengi walichelewa bila ya kujua sababu.

Bi Mwatum alikuwa uani akichambua mchele. Alinyanyua uso kumtazama jogoo wake, na papo hapo pembe ya mdomo wake ikavutwa. Ilivutwa kwa kushoto, nyama ikachongoka, kama vile imefungwa uzi na mtu asiyeonekana. Kisha ikaachiwa.

"Saadiya," alimwita binti yake kwa sauti ndogo. "Hebu n'tazame mdomo. Una nini?"

"Hauna kitu, mama."

"Kuna kitu kinan'chokora."

Badar, mume wa Saadiya, alikuwa akinywa chai karibu na mlango. Aliyaona yote mawili, la jogoo na la mdomo, akainamia kikombe chake. Tumjue mapema huyu Badar, maana aibu yote ya hadithi hii ni yake.

Kazi yake ilikuwa faiba. Tangi likipasuka, boti ikigonga mwamba, hupelekwa karakanani kwake akaiziba. Hapo zamani kidogo mgeni mmoja alimletea ufito wa kuvulia uliovunjika katikati, wa faiba, wa kizamani, rangi ya asali. Badar aliuunga vizuri sana, na mgeni alipoondoka nchini alimwachia. Basi akili ikamruka. Fito za siku hizi, alikuwa akimwambia kila aliyekubali kukaa, ni ngumu na zina papara. Huu wa faiba unapinda taratibu kuanzia ncha mpaka kiganjani, na samaki akitikisa kichwa huko mbali unamhisi ndani ya mfupa. Hatumii chambo. Alijifunza kufunga manyoya na nyuzi juu ya ndoana ndogo, ikawa kidudu anachokiita nzi, na kukirusha kwa mshipi unaozunguka juu ya kichwa mpaka kitue majini kwa upole. Samaki akinasa, Badar humvuta, humtazama, humchomoa ndoana, humwachia aende zake.

Hapo kwenye kumwachia ndipo watu walipomshangaa. Kinamama wanaolima mwani kule Jambiani, pwani alikokwenda kuvua, walimcheka waziwazi. Saadiya alisema wanawake wenziwe waume zao wakirudi pwani wanapokea kikapu, yeye anapokea simu atazame picha za kitoweo. Badar alicheka nao. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha ya aina ile hasikii.

Sasa jogoo. Bi Mwatum alikuwa na ruhani, jini aliyempanda tangu usichana wake, na jogoo alikuwa wa ruhani. Hachinjwi, hauzwi, haguswi ila kwa mkono wa Bi Mwatum mwenyewe, na kila Alkhamisi jioni alipanguswa manyoya kwa marashi. Badar aliyaita hayo ushirikina. "Jogoo anaoga marashi," alikuwa akisema, "mie mkwe naoga maji ya tangi." Lakini shingo ya yule jogoo alikuwa akiitazama. Manyoya yake yalikuwa marefu, membamba, magumu, mekundu yanayong'aa, manyoya ambayo mfungaji wa nzi huyaota, na kuku wa sokoni hawana.

Ijumaa moja, siku moja kabla ya asubuhi ile jogoo alipokosa sauti, wanawake walikwenda maulidini. Badar alirudi kutoka msikitini akakuta nyumba tupu. Alichukua mkasi mdogo wa mkewe, akamshika jogoo wa mama mkwe wake, akamkata manyoya machache ya chini ya shingo, pasipoonekana. Jogoo hakupapatika. Alimtazama tu kwa jicho moja, na Badar akajikuta anafanya haraka, kama mtoto anayeiba sukari.

Nzi aliyemfunga usiku uleule kwa manyoya yale alikuwa mzuri kupita wote. Alipomtupa Jambiani, maji yakiwa yamekupwa, kolekole wa kwanza alimrukia kabla hajalowa vizuri. Badar alimvuta huku akicheka peke yake, akamwachia. Aliporudi mjini Saadiya alimpokea mlangoni, macho yamemtoka.

"Mama kavutwa," alinong'ona. "Tulikuwa tumekaa tu. Mdomo ukavutwa, na kichwa kikafuata, na yeye mwenyewe akafuata, Badar, kwa magoti, mpaka mlangoni. Halafu akaanguka, akasema, 'Kan'achia.'"

"Saa ngapi?"

"Alasiri. Kwani n'nini?"

"Naul'za tu," alisema Badar.

Ndani kulikuwa na harufu ya marashi na manyoya mabichi. Badar aliuning'iniza ufito wake ukutani, ndani ya mfuko wake wa kitambaa, akaenda kuoga. Alielewa. Hakuna haja ya kumtetea: alielewa palepale mlangoni. Na wiki iliyofuata alikwenda tena Jambiani na nzi yuleyule, akijidanganya kwamba anakwenda kuhakikisha. Ukweli ni kwamba alikuwa ameona kolekole mkubwa kwenye mkondo karibu na mwamba, na hamu ilimshinda. Kolekole yule alimeza nzi, akakimbia nje, mshipi ukakatika. Alikwenda zake baharini na manyoya ya jogoo mdomoni.

Tangu alasiri hiyo Bi Mwatum hakuachiwa tena. Mchana kutwa pembe ya mdomo wake ilibaki imechongoka, na hata akigeuzwa vipi kitini, uso ulizunguka polepole mpaka ukaelekea upande mmoja. Hakuna aliyejua ni upande wa wapi ila Badar, ambaye alijua kwamba ukitoka pale ukaenda moja kwa moja bila ya kukata kona unafika Jambiani. Chakula kilimwagika. Alikonda. Na ukutani, ndani ya mfuko wa kitambaa, ufito ulikuwa unalia ki, ki, ki, sauti ya faiba inapopinda, na Saadiya akidhani ni panya.

Wakamwita Fundi Borafya, mganga wa majini kutoka shamba, mtu mpole mwenye miwani. Alikuja baada ya sala ya adhuhuri, jamaa na majirani wakajaa chumbani. Alifukiza udi, akamfunika Bi Mwatum shuka nyeupe, akasoma kwa muda mrefu. Moshi ulikuwa unapanda, kisha ukapinda, ukaelekea upande uleule wa uso wa mgonjwa.

"Assalamu alaykum, mgeni," alisema Fundi Borafya.

"Nani kan'vua kilemba?" ilitoka sauti chini ya shuka. Ilikuwa sauti nzito ya mwanamme mtu mzima, na haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyefedheheshwa. "Nimekaa na kiti wangu huyu ninayempanda miaka yote kwa heshima. Leo siwezi kukaa na wenzangu, kichwa ki wazi. Nani kan'vua?"

"Tutajie, tumlete."

"Anajijua. Aliyen'vua na aje an'vishe mbele za watu hawa. Aseme ni yeye. Sitaki mbuzi, sitaki ngoma."

Fundi, aliyejua kwamba kilemba cha ruhani ni manyoya ya jogoo wake, aliagiza jogoo aletwe. Alimpekua shingo, akawaonyesha watu pale palipokatwa. Chumba kikaguna. Badar alikuwa amesimama nyuma ya wote, na ulimi wake ulikuwa tayari kusema. Kilichomzuia si jini. Kilichomzuia ni picha aliyoiona akilini: yeye, mtu mzima na ndevu zake, mwenye kukemea ushirikina, amemkaba jogoo wa mama mkwe wake kwa mkasi wa mkewe, kwa ajili ya mchezo wa kuvua samaki asiowala. Watacheka, aliwaza. Mpaka nakufa watakuwa wanacheka.

"Mwanapili," alisema mtu.

Mwanapili alikuwa mjane wa nyumba ya pili. Jogoo aliwahi kummwagia unga wa mikate, naye alimkimbiza na mwiko akipiga kelele kwamba iko siku atamnyonyoa. Mtaa mzima ulisikia.

"Mie?" alisema Mwanapili. "Nlisema kwa hasira! Wallahi sijamgusa. Nileteeni msahafu niape."

Aliapa, machozi yanamtiririka. Waliomwamini walikuwa wachache. Badar alitazama chini muda wote, na kesho yake dirisha la Mwanapili, ambalo watu walikuwa wakisimama kuzungumza naye, lilifungwa na likabaki limefungwa.

Basi Badar akaazimia kurudisha manyoya kimyakimya, na kwa hilo ilimbidi ampate samaki. Alimtafuta kila maji yakipwa vizuri, karakana kaifunga, amesimama mkondoni jua la utosi likimchoma. Mchana mmoja, upepo umetulia, kinamama wa mwani wamekwisha kurudi nyumbani, bahari nyeupe na kimya mpaka masikio yanauma, alimwona kolekole amesimama kwenye maji madogo, hatafuti chakula, haogopi kivuli, amemwelekea yeye, na pembeni mwa mdomo wake kuna kitu chekundu kinachezacheza. Badar alirusha mshipi. Samaki alichukua nzi wa pili bila ya haraka, kana kwamba alikuwa anamngoja.

Ufito ukapinda. Mfukoni simu ikalia, akaitoa kwa mkono mmoja na kuibana begani.

"Uko wapi?" Saadiya alikuwa analia. "Mama anaburutwa! Njoo!"

"Niko kazini. Mshikeni."

"Tumemshika watatu!"

Samaki aligeuka na kukimbia, mshipi ukatoka kwa sauti kali, na katika simu, wakati uleule, alisikia vyombo vinaanguka, na ukelele wa mwanamke mzima ulioanzia kooni ukapanda na kupanda bila ya kukatika, na akajua kwamba akimkaza samaki mdomo wa Bi Mwatum utachanika, na akimwachia, mshipi ukikatika kwenye mwamba, manyoya yatakwenda na hayatarudi na mkwe wake atakufa akiwa ameelekea Jambiani, kwa hiyo akaushika ule ufito wa faiba kwa upole ambao hajapata kuushikia kitu chochote maishani mwake, akauacha upinde mpaka kiganjani, akampa samaki, akamrudisha, akampa, akamrudisha, huku simu inalia jina lake, Badar, Badar, unafanya nini huko, mbona nasikia maji?

Alikata simu.

Hilo ndilo, kuliko manyoya, ambalo baadaye lilimwamsha usingizini. Alikata simu ili mkewe asisikie maji.

Samaki alikuja mpaka miguuni, akalala ubavu. Badar alichomoa nzi wake wote wawili. Samaki hakuondoka alipoachiwa. Alibaki hapo ubavuni, jicho moja juu, na Badar alilijua lile jicho, ni la jogoo, akarudi nyuma kinyumenyume mpaka mchangani.

Alifika nyumbani magharibi, akamkuta Bi Mwatum amelala, mdomo umenyooka, damu kidogo imeganda pembeni. Alifumua manyoya, akayafunga kwa uzi, na watu walipokwenda kusali akayaweka chini ya kikapu cha jogoo. Hakuna aliyemwona.

Alfajiri jogoo aliwika. Mtaa ulifurahi. Fundi Borafya aliitwa, akasoma, na sauti ikajibu mara moja tu, kwa utulivu.

"Kilemba nimepata. Kimetupwa chini ya kikapu, kama takataka. Huyu mwanamke nimemwachia. Uzi ninao bado mkononi."

"Uzi gani?" aliuliza Fundi.

Badar aliusikia uzi ule siku hiyohiyo, mezani. Kitu kilimchokora pembe ya mdomo. Alasiri ukavutwa, kijiko kikamwanguka. Daktari alisema ni kiharusi kidogo, atapona. Hakupona. Kila alasiri anavutwa, anazungushwa, anaburutwa mpaka ukingo wa kitanda, na anapokuwa hana pumzi anaachiwa, mdomo unanyooka, anazungumza vizuri tu, habari za mvua, habari za karakana. Kesho anavutwa tena. Ufito aliuvunja kwa goti akautupa jaani. Sauti ya ki, ki, ki haikukoma.

Wiki hiyo Mwanapili alikuja na bakuli la uji wa mtama. Hakuna aliyemwita. Alikaa karibu na kitanda, akamsalimu Bi Mwatum, "Shikamoo," akajibiwa "Marahaba" ya baridi, akavumilia.

"Pole, jirani," alimwambia Badar. "Nlisema nije mwenyewe. Wote walin'geukia mie, wewe peke yako hukunena neno. Ijumaa ile, kabla jogoo hajakosa sauti, wewe ndiye uliyekuwepo nyumbani. Ungeniona namshika yule jogoo, si ungesema? Hukusema kwa sababu hukuona. Nnakushukuru."

Ilikuwa asubuhi. Mdomo wake ulikuwa umenyooka na pumzi anazo. Badar alijiinua kwa kiwiko, akamtazama mkewe, akamtazama mama mkwe wake, na safari hii alitaka kweli, aibu na kicheko na yote.

"Bi Mwanapili," alisema, "yale manyoya ali—"

Uzi ukakaza. Mdomo ulivutwa mpaka karibu na sikio, neno likageuka mate. Alijaribu tena. Huko uani jogoo aliwika kwa sauti nzito ya mtu mzima, na Badar peke yake ndiye aliyeshtuka.

"Usijisumbue, baba, usiseme," alisema Mwanapili. Alimpangusa mdomo kwa ncha ya mtandio wake, akachota uji, akaupuliza upoe, akamsogezea kijiko.

Badar akafungua mdomo, akanywa.