Kushusha Abiria

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni. Najua kwa sababu niliangalia simu mara tatu kabla ya kuingia gereji. Walikuwa wanafunga saa kumi na mbili kamili, na kesho yake saa mbili asubuhi mama yangu alitakiwa hospitali kwa upasuaji wa moyo. Tarehe hiyo tuliingoja miezi mitano. Sikutaka kitu chochote kiiharibu, hasa gari.

Gari lilikuwa na matatizo mawili. Breki zilikwaruza, na kengele ya mkanda ililia ovyo. Kiti cha mbele cha kushoto kikiwa kitupu, bila hata mkoba juu yake, ililia ti... ti... ti... kana kwamba kuna mtu amekaa na hajajifunga. Gari lenyewe tulilinunua kwa mtu, limeshatumika, miezi minne iliyopita. Mwezi wa kwanza mama alikaa mbele. Baadaye akahamia nyuma. Nilipomuuliza sababu alisema, "Huko mbele pamejaa." Nikacheka. Nilidhani anausema mkoba wangu.

Mwanamke wa mapokezi, ambaye kila mtu pale humwita Mama Risiti, alinisogezea bili bila kuniangalia usoni. Niliisoma mstari kwa mstari, kama ninavyosoma kila kitu. Pedi za breki, sawa. Mafuta ya breki, sawa. Ufundi, sawa. Mstari wa nne ulisomeka hivi:

Kushusha abiria — 60,000.

"Mama, hii ni nini?"

"Lipa tu, mwanangu," alinong'ona.

"Nilipe kitu nisichokijua?"

"Ndiyo."

Fundi mkuu alitoka nyuma akijifuta mikono kwa kitambaa. Jina lake la utani ni Spana, kwa wembamba wake. Nilimwonyesha mstari ule kwa kidole.

"Ndiyo ile kengele yako," alisema. "Haikuwa waya, dada. Waya ni mzima."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tulimshusha."

"Mlimshusha nani?"

Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na sheria mbili zilizoandikwa kwa rangi nyekundu. Ya kwanza: kifaa cha zamani hukabidhiwa mwenye gari. Ya pili: kazi isiyolipiwa huondolewa. Zilinifurahisha sana siku niliyoleta gari. Nilijiambia, hawa ni watu wa utaratibu.

"Basi nionyeshe kifaa cha zamani," nilisema.

Spana aliweka mfuko juu ya meza. Ndani mlikuwa na pedi zangu nne, zimelika mpaka chuma.

"Na cha mstari wa nne?"

"Huyo hawekwi kwenye mfuko."

Nilicheka, lakini peke yangu. Mama Risiti alikuwa amefumba macho.

"Fundi, mimi si mtoto. Umeona mwanamke kaja peke yake jioni, ukaongeza elfu sitini. Silipi."

"Dada, punguza sauti."

"Silipi! Sheria yenu ile pale. Kazi isiyolipiwa huondolewa. Haya, iondoe. Rudisha kama ilivyokuwa."

Mashine ya upepo, iliyokuwa ikinguruma tangu niingie, ilizimika.

"Sema tena," alisema Spana taratibu. "Nataka shahidi asikie."

"Rudisha kama ilivyokuwa."

Aliandika kwenye bili: *Mteja amekataa. Amerudishwa.* Nilitia sahihi. Nilikasirika kidogo kwamba aliandika "amerudishwa" kana kwamba tunazungumzia mtu, lakini sikuwa na muda wa kumsahihisha.

Nilimtazama kupitia dirisha. Hakushika bisibisi. Hakufungua kifuniko chochote. Alifungua mlango wa mbele wa kushoto, akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa. Akasubiri... kama unavyomsubiri mtu mzima mwenye magoti mabovu.

Gari liliinama upande wa kushoto. Kidogo tu.

Akafunga mlango.

Nililipa mistari mitatu, nikachukua ufunguo. Sikuwa nimefika hata barabara kuu.

Ti... ti... ti...

Niliwasha redio. Kengele ikaishinda sauti. Nikafungua dirisha, maana kulikuwa na harufu ambayo mwanzo sikuitambua. Kafuri. Kafuri ya kuzikia, na udongo uliochimbwa leo.

Kwenye taa nyekundu nilifanya ninachofanya siku zote ili ninyamazishe kengele: niliuvuta mkanda wa kiti kile kitupu nikauchomeka. Kach. Kimya.

Kisha nikautazama.

Kwa kawaida mkanda ule hulala, umebanwa kwenye kiti. Jioni ile haukulala. Ulikuwa umejitokeza mbele, umekaza, umeacha nafasi ya kifua.

Na ulikuwa ukipanda na kushuka. Polepole.

Taa ilikuwa ya kijani. Magari yalinipigia honi. Niliendesha hadi nyumbani macho mbele, mikono miwili kwenye usukani, nikitamka kwa sauti kila kibao cha barabarani nilichokiona ili nisisikie kitu kingine.

Mama alikuwa amesimama getini. Kabla sijazima gari alishafika upande wa kushoto. Akafungua mlango.

Kach. Mkanda ulifyatuka. Mimi sikuugusa. Mama naye hakuugusa.

"Karibu," alisema. "Pole na safari."

"Mama... unaongea na nani?"

"Usiwe hivyo mbele ya mgeni," alininong'oneza, akaongoza kuingia ndani, akitembea taratibu kuliko kawaida yake, mkono umekunjwa kiwikoni kana kwamba kuna mtu ameushikilia.

Usiku nilikaa kwenye ujia, nje ya chumba chake. Alikuwa akinong'ona. Anasema kidogo, ananyamaza. Anasema tena. Nilipobisha hodi alijibu kwa furaha kabisa: "Lala, mwanangu. Siko peke yangu."

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nilikuwa nimesimama mbele ya gereji. Elfu sitini ilikuwa mkononi, imeloa jasho.

"Nalipa," nilimwambia Spana. "Nalipa mstari wa nne. Mshushe."

Alifungua mlango wa kushoto. Aliinama, akaweka kiganja juu ya kiti, akakaa hivyo muda mrefu.

"Hayumo."

"Vipi hayumo?"

"Ameshashuka, dada. Nani alimfungulia mlango?"

Mama Risiti alikuja na daftari la zamani la nakala, akalifungua na kuniwekea kidole. Namba ya gari letu. Miaka miwili iliyopita. *Kushusha abiria.* Chini yake, kwa mwandiko uleule: *Mteja amekataa. Amerudishwa.*

"Alikuwa kijana mzuri, mwenye gari kabla yenu," alisema. "Alikuwa akija hapa na mama yake. Mama wa watu, mcheshi kweli. Baadaye akawa anakuja peke yake. Baadaye akaliuza."

"Alikuwa nani... huyo abiria?"

"Gari lilikuja naye. Zaidi ya hapo hatuulizi."

Niliisukuma pesa mezani. "Basi njooni nyumbani. Naomba. Chukueni hata mara mbili yake."

Spana alizihesabu zile noti, akazikunja, akanirudishia zote mkononi. Alikuwa mpole. Upole wake ndio ulionitisha.

"Sisi ni mafundi wa magari, dada," alisema. "Nyumba hatuzijui."

Nilirudi kumchukua mama. Kengele haikulia njia nzima, na sijawahi kuchukia ukimya kama ule. Nilimkuta amevaa, amejipaka mafuta, mkoba begani. Alifungua mlango wa mbele wa kushoto akaketi, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, akavuta mkanda na kujifunga.

"Leo pana nafasi," alisema. "Nimemwambia tukitoka hospitali tutamkuta."

Niligeuka kutazama nyumba. Mlango nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo mimi mwenyewe, mara mbili. Pazia la sebuleni lilikuwa limefunguliwa upande mmoja, kadiri ya uso.

Saa mbili kasoro dakika tano nilikuwa kwenye kaunta ya hospitali, mama akiwa ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, akinipungia mkono. Muuguzi alinipa fomu. Nilijaza kila kisanduku kwa makini. Jina la mgonjwa. Umri. Dawa anazotumia. Aliye karibu naye. Chini kabisa waliuliza: *Idadi ya watu wanaoishi nyumbani kwa mgonjwa.*

Niliandika mbili.

Nilikaa na kalamu mkononi mpaka muuguzi akaniita mara ya pili. Kisha nikaikata ile mbili kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaandika tatu, na pembeni yake nikatia sahihi.