Joho Sikivu

Chumba cha Majira kilikuwa na ukubwa wa ghala la mahindi, na ndani yake mtu aliweza kupata hali ya hewa yoyote ya dunia kwa kugusa kitufe. Asubuhi ile hadi saa nne kilikuwa jangwa, watu wakatoka humo wakichuruzika jasho. Kufika saa tano kuta zake zilikwisha kuota sakitu nyeupe ya barafu, na kipimo kilisoma nyuzi hamsini chini ya sifuri. Nje, jua la Kongwa lilikuwa likiwapasua watu vichwa. Katikati ya chumba alisimama mwanamke aliyevaa joho la kijivu, jembamba kama shuka, na joho lile lilikuwa likizungumza naye.

"Mwanakheri, unasikia baridi?"

"Sisikii."

Joho likapunguza moto.

Nyuma ya kioo, kwenye meza ya mitambo, Twilumba Sanga aliliandika jibu lile huku ameuma meno. Joho sikivu lilikuwa kazi ya mikono yake, na lilikuwa limekula miaka tisa ya maisha yake. Mavazi ya zamani yalimpa kila mtu joto lile lile, kana kwamba binadamu wote walifyatuliwa kwenye kalibu moja. Miili haiko hivyo. Aliyekulia kwenye joto hutoka jasho mapema, tena jasho lisilo na chumvi nyingi, akapoa haraka. Aliyekulia kwenye baridi, mishipa ya vidole vyake hujifunga baridi inapoingia, kisha hujifungua kidogo kidogo ili damu ipite na vidole visife. Kwa hiyo joho lilimuuliza mvaaji kila robo saa, likajifunza tabia ya mwili wake, likampa moto wa kumtosha bila ziada. Huko Mwezini, ndani ya shimo ambalo jua halijapata kulimulika, moto ni betri, na betri ni uhai.

Katika safari ya kwenda huko ilibaki nafasi moja tu. Mhandisi atakayetumia moto mdogo zaidi katika majaribio kumi ndiye angekwenda.

Twilumba alikuwa ameihesabu nafasi hiyo kuwa yake tangu zamani. Alizaliwa Makete, huko ambako mwezi wa sita sakitu hulala juu ya viazi shambani, na mtoto huenda shule na kiazi cha moto mfukoni ili vidole vyake viweze kushika kalamu. Kituoni hapo Kongwa walimwita Mama Baridi, naye alilipenda jina hilo kuliko shahada zake zote.

Ndipo akaja Mwanakheri Shekimweri kutoka Pangani. Siku ya kwanza, chumba kilipofika nyuzi kumi na nane tu juu ya sifuri, alijitanda kanga mbili.

"Mdogo wangu," Twilumba alimtania, "hii kwetu ndiyo kiangazi."

"Da Twilumba, wallahi kwetu hii ni ya kuhifadhia maiti!"

Watu walicheka, na Twilumba alicheka kuliko wote, kwa sababu mcheza kwao hutunzwa, na hapa kwenye baridi ndipo kwao. Majaribio matatu ya mwanzo Mwanakheri alitoka akilia kwa maumivu ya vidole. Jaribio la nne akaacha kulia. Jaribio la tano akajibu "sisikii" tangu mwanzo hadi mwisho, na ubao wa matokeo ukaliweka jina lake juu ya jina la Twilumba.

"Mwili umezoea," alisema Mzee Haule, mkuu wa safari, akisugua viganja kwa furaha. "Mtoto wa pwani huyo! Nani angedhani?"

Haule akaanza kumwita Mama Baridi Mdogo. Baada ya wiki mbili lile neno "mdogo" likaanguka njiani, wala hakuna aliyeliokota.

Basi wivu ukamkaa Twilumba rohoni. Haukuwa ule wivu mdogo wa kununa na kusahau. Alimwonea kijicho Mwanakheri kwa kicheko chake, kwa jinsi watu walivyosogeza viti kumpisha, hata kwa hina nyekundu iliyokolea kwenye ncha za vidole vyake vyote, aliyopakwa kwenye harusi ya dada yake na kuipaka upya kila ilipofifia. Alijiambia kwamba hakuna haki: yeye aliilipia baridi kwa utoto mzima, na huyu kaipata kwa mwezi mmoja.

Siku moja bwaloni, baada ya jaribio la saba, mpishi alikuwa amekitenga pembeni kikombe cha bati kilichotoka kwenye jiko sasa hivi. Mwanakheri akakichukua kwa mkono mtupu, akasimama nacho anapiga soga.

"We Mwanakheri, unaungua!" mpishi akapiga kelele.

Mwanakheri akakitazama kikombe, akacheka. "Wala sisikii."

"Baridi haimwezi, moto haumwezi!" mtu akasema, na bwalo zima likaangua kicheko.

Twilumba hakucheka. Alivitazama vile vidole. Pale hina ilipokomea, ngozi ilikuwa imepauka na kukakamaa kama nta ya mshumaa. Neno la bibi yake likamjia wazi kabisa, neno ambalo kila mtoto wa kwao aliambiwa kabla hajajua kuhesabu: baridi inayouma ni rafiki yako, ikinyamaza, kimbilia motoni. Mtoto wa Pangani angeambiwa hilo na nani?

Hapo hapo akalijua kosa, na kosa lilikuwa lake. Joho liliuliza, "Unasikia baridi?" Asiyepatwa na baridi angejibu "sisikii". Na yule ambaye vidole vyake vimekwisha kufa ganzi naye angejibu "sisikii", na angekuwa amesema kweli. Joho halikuweza kuwatofautisha wawili hao. Kila Mwanakheri alipojibu, lilimpunguzia moto, likizidi kumuua vidole. Mashine ya tabibu nayo, baada ya kila jaribio, ilikagua vidole kwa rangi ya ngozi, na hina ilikuwa imeiziba macho.

Ilimpasa aende kwa Haule siku ile ile. Hakwenda. Alijiambia kwamba watu wangesema ameshindwa, sasa anatafuta visingizio. Ukweli ulikuwa mfupi kuliko huo: alitaka baridi imwadhibu Mwanakheri kidogo, kiasi cha kumwondoa kwenye ubao tu. Kwamba baridi haina "kidogo", hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote kituoni.

Majaribio ya nane na tisa yakapita. Twilumba aliandika "sisikii" na kukaa kimya.

Siku ya jaribio la kumi, Haule mwenyewe alikuja kusimama nyuma ya kioo. Ndani, Mwanakheri alikuwa akifunga nati kwenye bomba, kama atakavyotakiwa kufanya Mwezini.

"Mwanakheri, unasikia baridi?"

"Sisikii! Da Twilumba, niandikie hiyo kwa wino mzito!"

Haule akacheka. Dakika chache baadaye spana ilianguka kutoka mkononi mwa Mwanakheri. Hakuitazama. Mkono wake uliendelea kuizungusha nati, umejikunja vile vile, kana kwamba spana ingali imo.

Kidole cha Twilumba kikafika kwenye kitufe chekundu cha kusimamisha jaribio. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja.

"Angalia ule ubao," Haule alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtazama mwanawe. "Akimaliza hivi, hakuna wa kumfikia. Mama Baridi kweli."

Kidole kikarudi nyuma. Twilumba alikaa akiangalia saa, dakika moja baada ya nyingine, zote kumi na moja. Kengele ya mwisho ilipolia ndipo alipokibonyeza kitufe, wakati hakikuwa na faida tena. Walipomvua Mwanakheri glavu za joho, mmoja wa waliompokea aligeuza uso pembeni.

Alikatwa vidole sita.

Jina lake likafutwa ubaoni, na nafasi ikamwangukia Twilumba, kama alivyotaka. Joho likarekebishwa lipime damu ya vidoleni badala ya kuuliza. Hakuna aliyeuliza kosa lilijulikana lini. Siku ya kuondoka, roketi ikiwa tayari uwanjani, Twilumba alimwomba dereva apitie hospitali.

Mwanakheri alikuwa amekaa kitandani, mikono yake imefungwa bendeji nyeupe. Alikuwa amekonda. Pembeni yake kulikuwa na chai iliyomiminwa sasa hivi.

"Da Twilumba," alisema baada ya salamu, "nimelala hapa nawaza jambo moja. Mimi baridi siijui. Lakini wewe ni mtu wa baridi. Hukuona?"

Twilumba angeweza kusema hapana, na angeaminiwa. "Niliona," akajibu.

"Uliona nini?"

"Niliona wivu."

Nje, dereva akapiga honi. Machozi yalimtoka Mwanakheri, akashindwa kuyafuta, na Twilumba hakuthubutu kumfutia.

"Haya," Mwanakheri akasema hatimaye, sauti yake imekauka. "Nishikie hicho kikombe ninywe. Kionje kwanza wewe. Mimi sisikii."

Honi ikalia mara ya pili, ndefu. Twilumba alikionja kikombe, chai ikamuunguza ulimi. Akavuta kiti, akakaa, akaanza kuipuliza.