Msimtue Yule Mzee

Kama umewahi kupita mtaa wetu wa Ng'ambo, hapa Tabora, asubuhi ukiwa na njaa, basi Levina unamjua, hata kama jina lake hulijui. Ndiye yule mama wa vitumbua, mwenye maneno mengi na mkono mwepesi. Ni jirani yetu. Ninayoyasimulia hapa yalimpata yeye, na anayetaka kubisha aende akamwulize mwenyewe, ila asiende mikono mitupu, kwa sababu siku hizi Levina hacheki na mtu.

Ilikuwa Jumamosi, na alikuwa ameshamaliza kuuza. Ameketi kwenye kigoda anasugua kikaango kwa majivu, simu kaiegesha kwenye ndoo, nayo inalia bila kupumzika. Lilikuwa lile kundi lake la WhatsApp la wapenzi wa Msafara wa Kwihara, tamthilia ya wapagazi wa zamani na mashetani waliowaandama njiani. Inarekodiwa hapahapa Tabora na kurushwa mtandaoni kila Ijumaa. Levina ndiye aliyeanzisha kundi, na alikuwa na sababu: Eliya, mdogo wake, alicheza kama kirangozi, yule anayetangulia mbele ya msafara. Mama yao alifariki Eliya akiwa bado ananyonya. Levina akamlea kwa uji na kwa kiboko, hakuolewa, hakulalamika. Ukimsema Eliya vibaya mbele yake, utajuta kuzaliwa.

Sasa, ndani ya tamthilia hiyo kulikuwa na mzee mmoja. Hana jina, haongei, kwenye orodha ya wachezaji hayumo. Watu wanagombana mbele, yeye anapita kwa nyuma na bunda la ngozi begani. Harusi inachezwa, yeye yuko ukingoni mwa pori, bunda lile lile. Kundini wakamwita Mzee Mzigo, na kila mtu akawa na lake la kusema. Wako walioapa kwamba ndiye baba wa kirangozi na atajitambulisha sehemu ya mwisho. Wengine wakasema ni babu wa kijijini tu, anakatiza kwenye kamera kwa sababu hana kazi.

Sadiki, muuza spea za baiskeli pale Kanyenye, hakukubali hata moja. Sadiki ni mtu wa kushuku mpaka chai aliyojipikia mwenyewe. Asubuhi ile alituma sauti ndefu.

"Jamani, fungueni macho. Mzee Mzigo amesimama uso kwa uso na watu wawili tu. Wenceslaus, aliyecheza karani, na Advera, aliyecheza binti wa mtemi. Kote anainamisha bega, anaomba kutuliwa. Picha inakatwa hapo. Baada ya hapo mmewaona tena? Wenceslaus katoweka nyumbani kwake Cheyo, mlango wazi, wali jikoni, ndugu zake wanamtafuta mpaka leo. Advera simu haipatikani. Anayemtua yule mzee anachukuliwa. Na dairekta wetu Ngollo sasa hivi anatembelea gari la aina gani? Hiyo ni kafara, msijifanye watoto."

Levina aliacha kikaango. Ya gari la Ngollo yalikuwa yamemkaa moyoni siku nyingi, sema hakuwa amempata wa kumwambia. Akafungua sehemu iliyorushwa jana yake, akaipeleka mpaka mwisho. Eliya amesimama njiani peke yake, anatazama magharibi. Nyuma yake yuko Mzee Mzigo. Hakuwahi kuwa karibu na mtu kiasi kile. Anautazama mgongo wa Eliya.

Eliya mwenyewe alikuwa mlangoni anafunga viatu, anakwenda kurekodi sehemu ya mwisho.

"Eliya, huyu nani?"

Akaichukua simu, akaitazama kwa muda mrefu.

"Dada, hapo tulikuwa mimi na mpiga kamera tu."

"Usiende leo."

"Nisipokwenda leo, kazi yote ya mwaka imekwenda na maji. Unajua nilivyohangaika kupata nafasi hii."

Alijua. Basi akamshika mkono, kwa nguvu, kama alivyokuwa akimshika utotoni wakivuka barabara.

"Niahidi kitu kimoja. Akitokea mtu anakwambia umtue mzigo, awe mzee, awe mama, awe nani, mpe mgongo. Usimguse."

Eliya akacheka. "Wewe huyu uliyenitandika kwa sababu nilimpita Bibi Kabula na ndoo yake kichwani? Ulinirudisha nikamwombe radhi."

"Nilikuchapa, ndiyo. Leo nakuomba."

Akaahidi. Alipotoka, Levina akabonyeza simu, akarekodi sauti kundini: "Ndugu zangu, ni mimi Levina. Mzee yeyote msiyemjua akiwaomba mumtue mzigo, msimtue. Hata akilia. Watumieni na wenzenu." Sadiki akawa wa kwanza kuisambaza. Kabla ya adhuhuri sauti ile ilikuwa imefika Goweko, imefika Urambo, watu ambao hata tamthilia hawaijui wanaambiana sokoni.

Hakutulia. Alikaa, akasimama, akakosea chumvi kwenye mboga. Mwishowe akaita bodaboda.

Walikuwa wanarekodi kwenye kipande cha njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji, upande wa Usoke, pori la miyombo kulia na kushoto. Jua lilikuwa kichwani. Levina alishuka, akamwendea Ngollo moja kwa moja bila hata salamu, na kwa Levina hilo ni jambo kubwa.

"Mzee wa mzigo ni nani?"

Ngollo alimtazama, akawatazama watu wake waliokuwa wanakula mbali kidogo. Akashusha sauti.

"Simjui, dada Levina. Haki ya Mungu. Wakati wa kurekodi huwa simwoni. Namkuta kwenye picha baadaye."

"Na ukamwacha humo?"

"Watu walimpenda. Watazamaji wakawa wengi. Ningemfuta vipi?"

Levina angeweza kumzaba kofi, na angekuwa na haki. Lakini hapo ndipo alipogundua kwamba ndege wamenyamaza.

Eliya alikuwa amesimama katikati ya njia, peke yake, anakariri maneno yake. Mbele yake palikuwa na mtu.

Mzee. Mwembamba. Bunda la ngozi begani, limefungwa kwa kamba za magome. Vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Hakutokea porini wala hakuja na njia. Alikuwepo tu.

"Nitue, mwanangu," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu aliyechoka. Levina aliisikia vizuri ingawa alikuwa mbali.

Mikono ya Eliya ikainuka yenyewe. Ndivyo alivyolelewa. Kisha akakumbuka. Akageuza kichwa, akamtafuta dada yake kwa macho.

Levina akatikisa kichwa. Hapana.

Mikono ikashuka.

"Nitue kidogo tu. Nipumue."

Eliya akampa mgongo.

Mzee alishusha pumzi ndefu. "Haya," akasema. Hakukasirika. Akawapita, akashika njia ya kurudi Tabora, anatembea mgongo umenyooka. Levina alimsindikiza kwa macho mpaka kona, moyo unamwenda mbio kwa furaha. Amemwokoa mdogo wake. Alimgeukia Ngollo amwambie tazama, umeona, na Ngollo akauliza, "Nimeona nini?"

Ni baadaye sana, wakiwa kwenye bodaboda wanarudi, ndipo lilipomjia wazo. Yule mzee aliondoka bega tupu. Na chini hakuacha kitu.

Jioni Eliya hakula. Alikaa kwenye mkeka ameegemea upande mmoja, anasema bega linamvuta. Levina alichemsha samli kidogo, akamvua shati ili amchue. Vidole vyake vikagusa kitu kigumu. Akasogeza taa.

Ilikuwa sugu. Nene, nyeusi, imepasukapasuka kama kisigino cha mkulima, imeshika bega lote mpaka shingoni. Sugu ya miaka na miaka ya kubeba. Asubuhi ile alikuwa amempigia pasi shati na kumwona akilivaa, na bega lilikuwa laini.

"Inauma?"

"Haiumi. Nzito." Akalishika bega. "Dada, Ujiji ni mbali?"

"Kwa nini?"

Akaugeukia ukuta wa magharibi.

Simu ikalia. Namba ngeni. Levina akatoka nje uani, kwa sababu ndani mtandao unasumbua.

"Dada Levina, ni Advera. Yule binti wa mtemi."

Levina akakaa chini pale pale.

"Uko hai?"

"Kwa nini nisiwe hai? Niko Sikonge kwa mama, nimejifungua. Huku kwetu porini mtandao mpaka upande kichuguu. Leo nimekuja mjini, nakuta sauti yako imezagaa kila mahali, ndiyo maana nikakutafuta. Hilo jambo mmelielewa vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Mimi yule mzee nilimtua. Alinyoosha mgongo, akanywa maji, akaniambia ahsante mwanangu. Nikamtwika tena, akaenda zake. Basi. Sikuumwa hata kichwa."

"Na Wenceslaus?"

"Wenceslaus alimkatalia. Nilikuwepo. Alimwambia mimi si mpagazi wako, akampa mgongo. Jioni yake akaanza kulalamika bega. Levina? Dada, unanisikia?"

Levina alikuwa ameshafika mlangoni.

Mkeka ulikuwa mtupu. Viatu vilikuwepo. Dirisha lina nondo, mlango ni ule mmoja, na uani mbele ya mlango huo alikuwa amekaa yeye. Aliita. Aliita mpaka majirani tukatoka, tukatafuta kwenye vichochoro vyote vya Ng'ambo, tukaenda mpaka stesheni. Hakuna aliyemwona. Levina hakulia. Alikuwa anasema neno moja tu, kwamba nitamtua mimi, nitamtua mimi, akionekana tu nitamtua.

Kulipopambazuka akachukua bodaboda, akashika njia ya magharibi. Kila kijiji alishuka, akauliza. Na kila kijiji walikuwa wamemwona. Kijana, peku, bunda begani, ameinama. Alipita alfajiri. Alipita sasa hivi. Bodaboda inakimbia na yeye anatembea, na bado hawamfikii.

Usoke, karibu na reli, alimkuta mama mmoja, Suzana, anafunga majani ya tumbaku nje ya bani lake, kibanda cha kuyakaushia. Wakasalimiana. Levina akaeleza.

"Alifika hapa," Suzana akasema. "Kijana mwenye adabu. Alisema, nitue mama, hata kidogo. Machozi yanamtoka."

"Ukamtua?"

Suzana akamshangaa. "Nimtue, nina wazimu? Siku hizi unamjua nani? Huku kote hatumtui mtu. Tumeonywa." Akafuta mikono kwenye kanga, akatoa simu kifuani, akabonyeza.

*Ndugu zangu, ni mimi Levina. Mzee yeyote msiyemjua akiwaomba mumtue mzigo, msimtue. Hata akilia.*

"Huyo hakuwa mzee," Levina akasema.

Suzana alifikiri. "Nywele zilikuwa na mvi," akasema.

Levina akaomba aonyeshwe aliposimama. Suzana akampeleka nyuma ya bani, kwenye uwanja wa kupuria mahindi, udongo ulioshindiliwa na kukauka mpaka unalia ukikanyagwa. Katikati kulikuwa na nyayo mbili, zimekaa sambamba, kama za mtu aliyesimama akisubiri. Hakukuwa na nyayo za kuja. Hakukuwa na za kuondoka.

Alipiga magoti. Akaingiza mkono kwenye unyayo wa kulia, polepole, na mkono ukazama mpaka juu ya kifundo. Aligusa chini. Udongo ulikuwa na joto, na ulikuwa bado unadidimia, kama chini ya mtu ambaye bado amesimama hapo na mzigo wake.