Abel Chini ya Zege

Maiti ya Luka ilikuwa imeegemea lango la mtambo wa umeme, pale Mwakitolyo kwenye kibonde, bila hata mchubuko. Kando yake panzi walikuwa wamekufa kwa makundi, na kuku mmoja wa jirani, miguu juu.

"Sumu?" aliuliza koplo.

Inspekta Noela alimwita mhandisi wa mtambo, Gregory. Mtambo ule ulichoma pumba za mpunga kuzalisha umeme, na hewa ya ukaa, badala ya kuachiwa iende angani, ilisukumwa kwa bomba hadi kwenye duara, shimo la zamani la wachimbaji wa dhahabu, lililozibwa kwa zege na kuwekwa koki juu yake.

"Hewa hii ni nzito," alisema Gregory. "Ikitoka inatambaa chini, inajaa mabondeni. Anayeivuta hapigi hata kelele."

"Koki ilifunguliwa?"

"Ilifunguliwa, ikafungwa tena. Kufuli lake halikuvunjwa. Ufunguo alikuwa nao Luka, mlinzi."

Juu kwenye kifusi cha duara, karibu na koki, Noela aliokota kamba, nyundo na shuka jeupe jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Mwizi haji na sanda. Swali la kuuliza alikwishalijua, na jibu lake hakulitaka.

Salome, mama yake Luka, alikuwa ameketi chini nje ya uzio.

"Pole sana, mama. Nani hapa kijijini hajamzika mtu wake?"

"Baba Abel," alisema Salome. "Duara hilohilo liliporomoka Abel akiwa ndani. Luka wangu alikuwa naye, akaponea chupuchupu. Abel hawakumfikia. Wenye mtambo wakaja, wakaziba."

Donatus, baba yake Abel, alikutwa kwake, amevaa nguo za kazi.

"Shikamoo, Baba Abel."

"Marahaba, afande. Nilikuwa nakungoja."

"Nani alikupa ufunguo?"

"Luka. Ananiita baba tangu Abel aondoke."

"Ulitaka nini?"

"Mifupa. Nimzike mwanangu karibu na mama yake."

"Ukafungua koki."

"Sisi wachimbaji tukishalipua baruti, duara tunaliacha lipumue. Moshi unapanda, unaisha, mtu anashuka. Nikajua na hii ni vilevile. Nikakaa juu kwenye kifusi nikisubiri. Luka alikuwa kule chini langoni, ananiangalizia watu."

"Ikawaje?"

"Nikamwita aje tuvunje zege. Kimya. Nikashuka, miguu ikaniishia, nikarudi juu kwa magoti, nikafunga koki." Alifunika uso. "Nilimwona amekaa kama anasinzia. Afande, ni mimi niliyemwambia moshi unapanda."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Noela, mama wa watoto wawili, aliona vigumu kumtia mbaroni mzee yule. Lakini mtu alikuwa amekufa. Alimwambia anashikiliwa kwa kuua bila kukusudia, kisha akatoka nje akalia nyuma ya gari la polisi.

Siku ya mazishi Donatus aliletwa na pingu mikononi. Aliomba kitu kimoja tu: amtupie Luka udongo, kwa kuwa hakupata kumtupia Abel. Noela akamfungua pingu. Mzee alichota konzi moja, akasogea.

Salome alisimama mbele ya kaburi.

"Huyu ni wangu," alisema. "Wako kamtafute."

Donatus aliinama, akaurudisha udongo pale alipouchota, kisha akamnyooshea Noela mikono afungwe.