Nimekukumbuka

Kipandamaneno kilikaa nyuma ya sikio la Bi Mgeni, chembamba kama ganda la kitunguu, kikimnong'oneza: "Wistful. Maana yake: mwenye huzuni ya kutamani kilicho mbali. Mfano: Mgeni alikuwa wistful alipopika bokoboko la Idi akakosa wa kumpakulia."

"Mbea huyu!" Bi Mgeni akacheka. "Mambo ya jikoni kwangu kayajuaje?"

Ndivyo kilivyofanya kazi. Kilitaja neno la Kiingereza, kikalieleza, kisha kikachota mfano kwenye kumbukumbu za mvaaji mwenyewe, neno likaota mizizi. Kwa miezi mitano kilikuwa kimempandia maneno elfu nne, magumu matupu, kwa ajili ya Salme, mjukuu wake wa miaka tisa aliyezaliwa Mwezini na asiyejua lugha nyingine ila Kiingereza. Leo Salme angeamua: likizo aje Tanga, au abaki hukohuko.

Nusu ya mtaa wa Chumbageni ilijaa sebuleni. Mama Zulfa, ambaye hakualikwa, ndiye aliyekamata kiti cha mbele.

Sura ya mtoto ikatokea ukutani. Maneno yote elfu nne yakamkimbia Bi Mgeni. Akabaki na la moyoni, akaligeuza Kiingereza mwenyewe:

"Salme, I have remembered you so much!"

Mtoto akakunja uso. Akauliza kwa Kiingereza chake: kumbe bibi alikuwa amemsahau?

"Umeharibu, shoga!" Mama Zulfa akafyatuka. "Sema miss! I miss you!"

"Hilo la kukosa basi stendi? Sitaki!" Bi Mgeni akamgeukia mjukuu, akasema kwa Kiswahili: "Nimekukumbuka."

Salme akatabasamu. Neno lilimkaa vizuri sikioni. Akamtazama baba yake, Shemdoe, aliyesimama nyuma yake: lina maana gani?

Shemdoe, mtoto wa pekee wa Bi Mgeni, aliyelelewa sebuleni humo, alifikiri sana. Miaka kumi na miwili kazini alikuwa akipandiwa lugha ya migodi ya huko, neno juu ya neno, na hakuna aliyemwambia yale ya chini, ya nyumbani, yanakwenda wapi.

"Sijui, mwanangu," akajibu kwa Kiingereza. "Ila ni tamu kulisikia."

"Basi naja, bibi, unifundishe!" Salme akapaza sauti kwa Kiingereza chake.

Vigelegele vikapasua nyumba. Mama Zulfa akapanda juu ya kiti.

Bi Mgeni hakugeuka. Alisogea karibu kabisa na ukuta. "Ni-me-ku-kum-bu-ka," akatamka taratibu, kama anayemlisha mtoto uji, na macho yake hayakuwa kwa Salme.