Uso wa Busaba

Jumamosi ile jengo la nguo la Pratunam, jijini Bangkok, lilikuwa limefurika watu, na ngazi ya umeme ya ghorofa ya tatu ikaidaka sketi ya Busaba. Ilikuwa sketi ndefu ya hariri, rangi ya embe bivu, aliyoivaa makusudi ili wateja waione ikitembea. Ngazi ikalimeza pindo, ikalivuta, naye akapiga kelele mpaka mtu akabonyeza kitufe chekundu na kila kitu kikasimama.

Fundi alikuja mbio, ovaroli ya bluu imejaa grisi, mkasi mkononi. Bila salamu akapiga goti na kuikata sketi usawa wa magoti.

"We kaka! Umeiua sketi yangu!"

"Bora sketi kuliko mguu, dada." Akainua macho, akaiangalia ile miguu, masikio yakamwiva kwa haya. "Tena miguu yenyewe ilikuwa inaonewa kwa kufichwa."

"Kumbe fundi na maneno unayo!"

"Leo tu. Kesho nitakuwa bubu tena."

Jina lake Wichian. Kesho yake hakuwa bubu. Alipita kwenye kibanda cha Busaba, katikati ya magauni ya sherehe, akiwa na mishikaki ya nguruwe na wali wa kunata, akajifanya anakagua taa. Siku zilizofuata ngazi za jengo lile zilikaguliwa kuliko ngazi zozote za Bangkok.

Busaba hakumficha kitu. Jioni moja, wakisubiri mashua ya mferejini, alimwambia kwamba alizaliwa akaitwa mvulana, na kwamba kama hilo lina shida aseme sasa, kabla mashua haijafika.

"Nina macho, mpenzi," Wichian alisema. "Nilijua tangu siku ya mkasi. Panda, wanatusukuma."

Walipendana waziwazi, kwa kelele na utani. Simu za mchana zilikuwa za "umekula?" na "umekula nini?" na "mbona hukuniwekea?" Kitu kimoja tu hawakuwahi kukubaliana.

"Nataka kufanyiwa upasuaji wa uso," Busaba alimwambia. "Mfupa wa paji upunguzwe, taya lichongwe, na hili koromeo lililotokeza liondolewe."

"Kwa nini, laazizi? Mimi nimeupenda huuhuu."

"Kila nikijiangalia kwenye kioo, namwona mjomba wangu ananikodolea macho."

"Mimi simwoni mjomba yeyote."

"Humwoni kwa sababu si wewe unayeishi humu ndani!"

Wichian akainama kufunga kamba za viatu. Busaba akaelewa kwamba hataki. Wichian naye akaelewa kwamba mapenzi yake hayatoshi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, na siku ya upasuaji ilipofika Wichian alimbebea begi hadi hospitalini akijichekesha njia nzima.

Hakuna aliyewaambia jinsi itakavyokuwa. Au waliambiwa, ila maneno hayaumi.

Busaba alizinduka akidhani kichwa chake kimewekwa chini ya gurudumu. Mshono ulipita kichwani kutoka sikio hadi sikio, bomba jembamba likitoa damu, na bandeji ilikuwa imelibana taya kwa nguvu. Siku iliyofuata uvimbe uliyafumba macho yake yote mawili. Hakuweza kuona, hakuweza kufumbua kinywa. Alikuwa amelala nusu ameketi kwenye mito, giza tupu, akisikiliza kiyoyozi na pumzi yake mwenyewe ikipita mdomoni kama ya mtu aliyekimbia.

Na akamsikia Wichian. Alikuwa pale dirishani, anaongea na dada yake kwa simu, sauti chini.

"Dada, siwezi kumtazama. Nikimtazama natamani kukimbia."

Busaba alitaka kumwambia akimbie basi. Alipiga kitanda kwa kiganja.

"Maji, mpenzi?" Wichian aliruka, akamwekea mrija mdomoni. "Haya, taratibu."

Akapiga tena. Toka! Toka humu!

"Umechoka maji? Barafu? Nikubadilishie barafu?"

Akambadilishia barafu. Busaba hakuwa na njia ya kulia, kwa maana kila mkunjo wa uso ulikuwa kisu. Alipofika Chuen, rafiki yake mkubwa wanayeuza naye magauni, alimshika mkono na kumwandikia kwa kidole kiganjani: ASIJE.

Chuen alimfuata Wichian kwenye korido.

"Kaka, anasema usije tena."

"Nimefanya nini, dada Chuen?"

"Hata mimi sijui. Nimeandikiwa kwa kidole tu."

Aliporuhusiwa, Busaba alihamia chumbani kwa Chuen. Macho yalifunguka, na hapo ndipo akatamani yasingefunguka. Kwenye kioo kulikuwa na sura pana, ya zambarau na manjano, isiyokuwa ya mjomba wala ya mwanamke yeyote. Paji lilikuwa limekufa ganzi. Mdomo wa chini haukusikia kitu. Supu ilimchuruzika kidevuni asijue, mpaka alipoiona kwenye kanga yake ya kijani.

"Daktari anasema mishipa ya fahamu itaamka polepole," Chuen alimwambia, akimfuta. Yeye alifanyiwa upasuaji wake zamani, na sasa ana uso mwororo wa kuwatoa watu udenda. "Au itaamka nusu. Yangu iliamka nusu."

"Nimejifanyia nini, dada?"

"Hilo swali nililia nalo hata mimi. Sina jibu la kukupa. Fungua kinywa, unywe."

Simu ilikuwa inaita kila siku, na kila siku Busaba aliigeuza kifudifudi. Mlangoni alikuta uji wa mchele kwenye kopo, ulioachwa na Wichian, wenye tangawizi iliyokatwa nyembamba, bado wa moto. Alikataa kuunywa. Chuen aliunywa wote.

Hatimaye Chuen alichoka. Simu ilipoita adhuhuri, alipokea, akaweka spika, akaiacha mbele ya Busaba, akaingia bafuni na kufunga mlango.

"Busaba, najua unanisikia," Wichian alisema.

Busaba akaivuta simu karibu.

"Hata nitukane. Tusi moja tu."

"Nilikusikia," Busaba alisema. Mdomo haukumtii, maneno yalitoka yameloa na kukatika, akayarudia. "Nilikusikia ukimwambia dada yako huwezi kunitazama."

Nyuma ya Wichian honi za mjini zilikuwa zinalia.

"Nilisema," akakiri. "Sikudanganyi. Mashine ikigoma nafungua kifuniko, naona kilichoharibika. Wewe ulikuwa unaungua mbele yangu na mimi nimeshika mfuko wa barafu! Nilitaka kukimbia, ndiyo. Lakini nilikimbia?"

"...Hukukimbia."

"Nilikaa mpaka uliponifukuza."

"Hukuutaka upasuaji huu."

"Niliogopa hutanihitaji tena. Ukishakuwa mzuri hivyo, fundi wa grisi wa nini?"

"Mjinga wewe."

"Mjinga wako."

"Na kama huu uso hutaupenda?"

"Sijui, Busaba. Nitajuaje? Mlango wenyewe mmenifungia!"

Kitu kilimtoka Busaba, nusu kicheko nusu kilio, na mishono ikamuuma hadi akashika ukuta.

"Njoo basi," alisema. "Njoo uogope kwa karibu."

Alifika amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, jasho limemlowesha mgongo. Busaba alikaa kitandani, kitambaa cha maua kichwani, mikono mapajani. Hakujifunika. Wichian alimtazama muda mrefu, na machozi yakaanza kumshuka bila yeye kuyafuta.

"Inauma wapi?"

"Kote. Isipokuwa pale ambapo hapasikii kabisa, na hapo ndipo panaponitisha. Huenda pakabaki hivyohivyo, Wichian. Milele."

"Nifanye nini?"

"Huwezi kufanya kitu."

Alikaa kando yake. Mikono ile inayofungua mashine ililala magotini, haina kazi. Baadaye akainama, taratibu kama anayekaribia mtoto aliyelala, akamgusa paji kwa midomo.

Busaba alikuwa anatazama dirishani. Hakugeuka.

"Umenibusu?" aliuliza, kwa kuwa alimwona kwenye kioo cha dirisha akijirudisha nyuma.

"Ndiyo."

"Sikusikia."

Wichian akainama tena, midomo yake ikiwa karibu na sikio la Busaba, upande ambao bado ulikuwa unasikia kila kitu.

"Basi nitakuwa nakwambia," alisema. "Nakubusu sasa. Kwenye paji."

Busaba akafumba macho.

"Nakubusu tena. Kidevuni, kushoto. Sasa kulia. Sasa mdomoni."

"Endelea kusema," Busaba alimwambia. "Usinyamaze."