Timu ya Marehemu Russ Postma

Kiti cha Russ Postma kilikuwa na joto, kama cha mtu aliyeinuka sasa hivi, na Russ alikuwa kaburini tangu Novemba.

Lyle Hoekstra aliligundua joto hilo akipanga viti kwenye chumba cha chini ya nyumba yake, Jumamosi moja ya Machi, theluji ya mji wa Grand Rapids ikiwa imebaki vibonge vichafu kando ya barabara. Alikishika kiti, akauondoa mkono, akaligeukia tanuri la kupashia nyumba joto lililokuwa kule upande wa pili. Akajiambia ni tanuri, akapanda juu kufuata bia.

Ilikuwa siku ya kuchagua wachezaji. Kila mwaka, kabla ligi kuu ya besiboli haijaanza, Lyle na rafiki zake hukutana humo, na kila mmoja huunda timu yake ya kubuni kwa kuokota wachezaji wa kweli kutoka klabu yoyote. Mchezaji akifanya vizuri uwanjani, wewe uliyemchagua unapata pointi ukiwa umekaa nyumbani kwako na soksi. Ni mchezo wa watu wazima wasiotaka kukubali kwamba magoti yamekwisha. Lyle ndiye aliyekuwa kamishna wao: mabadilishano yoyote ya wachezaji hayapiti mpaka yeye abonyeze kukubali. Na walikuwa na desturi yao. Kabla ya kuchagua, kila mtu husimama akatoa utabiri wa msimu ujao, utabiri wa kijasiri mpaka wenzake wamzomee. Ukitabiri jambo la kawaida, unanyweshwa maji ya matango ya siki.

Russ hakuwahi kunyweshwa. Alitabiri makubwa kila mwaka, na kila mwaka alikosea yote, akashika mkia huku anacheka. Alipokufa walishindwa kuifuta timu yake. Wakakubaliana ibaki, kompyuta ijichagulie wachezaji yenyewe, na kompyuta hiyo iwekwe mbele ya kiti chake. Waliona ni heshima kwa marehemu.

"Haya Russ," alisema Denny Kuipers, fundi bomba aliyesoma na marehemu tangu utotoni. Aliinua chupa kuelekea kile kiti. "Zamu yako, mzee. Kaa hapo, utuambie."

Nimeishi na watu hawa muda mrefu, na nawapenda, lakini kuna mambo hawakufundishwa. Kwetu hata mtoto anajua kwamba kiti kitupu hakikaribishwi kwa jina la mtu, maana ukikaribisha huchagui nani anakuja. Wao walicheka, wakachovya soseji kwenye haradali.

Kwenye kioo cha kompyuta yakajitokeza maneno, katika ule ukurasa wanaotumia kutaniana: *Ramiro Salcedo atarusha kuliko wote Aprili. Mei mkono wake hautamjua.*

"Denny, acha upuuzi," Lyle alisema.

"Mimi? Mkono huu chupa, mkono huu soseji. Ningeandika kwa pua?"

Wakacheka tena, ila kidogo. Chumba kilikuwa kinanuka udongo mbichi, ule udongo mwekundu wanaomwaga pale anaposimama mrushaji, ukiwa umelowa. Kisha timu ya Russ ikamchagua Salcedo, na mchezo ukaendelea.

Aprili Salcedo alirusha mipira ambayo wapigaji hawakuiona hata ilipopita. Mei, katikati ya mchezo, alisimama akautazama mkono wake wa kulia kama kitu alichookota njiani, na hajaweza kufunga kifungo cha shati hadi leo. Akafuata Teddy Baskin, mpigaji wa kawaida tu, ambaye timu ya Russ ilimchukua wakati hakuna mwingine aliyemtaka. Ukaandikwa utabiri wake kwenye ule ukurasa, akaanza kuutuma mpira nje ya uwanja karibu kila siku, magazeti yakamwita muujiza, mpaka alipokimbilia mpira wa juu na kujigonga ukutani. Aliamka hospitali hamjui mkewe. Waliopatwa namna hiyo waliongezeka, na wote walipita njia moja: kuchaguliwa, kung'aa, kuvunjika. Na timu ya marehemu, iliyoshika mkia maisha yake yote, ikawa inaongoza.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema. Denny ndiye aliyempigia Lyle simu.

"Sikiliza. Mimi najitoa."

"Katikati ya msimu? Unaogopa kompyuta?"

"Naogopa nilichokikaribisha, Lyle. Usinifanye nilirudie."

Siku hiyo hiyo Marcy, mke wa Lyle, alikuwa chini anakunja nguo. Alipanda ngazi na shuka mkononi.

"Nani unamruhusu acheze mpira kule chini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna mtu chini, Marcy."

"Basi njoo usikilize."

Wakasimama juu ya ngazi, saa sita mchana, jua limejaa jikoni, na kutoka chini ikaja sauti ambayo kila baba wa mji ule anaijua, sauti ya mpira ukitua ndani ya glavu ya ngozi, pah, kisha kimya cha mtu kuvuta pumzi, kisha pah, na kila mara ulipotua ile harufu ya udongo ilipanda ngazi ikawafikia puani, na Marcy akamshika mumewe mkono kwa sababu alikuwa ameanza kuhisi, kama Lyle alivyohisi, kwamba huyo aliyekuwa anarusha na huyo aliyekuwa anadaka walikuwa mmoja.

Lyle alifanya aliyoyajua. Aliifuta timu, ikarudi na wachezaji wale wale. Aliitupa ile kompyuta katika Mto Grand. Ukurasa ukamsubiri kwenye simu. Akamwendea mchungaji wa kanisa lao, mtu mwema, aliyemsikiliza hadi mwisho na kumshauri amtafute mtaalamu wa kompyuta.

Nisiwafiche kilichokuwa kinamnyima Lyle usingizi. Hakuwa Salcedo, wala Baskin. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Brent, mrushaji wa mkono wa kushoto, aliyekuwa Toledo kwenye ligi ndogo akisubiri kuitwa na klabu ya ligi kuu ya Detroit. Tangu Brent ana miaka mitano Lyle alichuchumaa nyuma ya nyumba na glavu, akidaka, mpaka magoti yakafa. Katika ligi yao ya kubuni hakuna aliyemchagua mtoto wake wala wa mwenzake. Ilikuwa haramu bila kuandikwa. Kwa hiyo siku Brent angeitwa ligi kuu, jina lake lingetokea kwenye orodha ya walio huru, wasio na timu ya kubuni, na marafiki wote wangeliacha likae, ila timu ya Russ haikujua haramu.

Aliitwa Jumatano ya Julai.

"Baba, ni mimi. Nimeitwa. Naanza Jumapili."

"Jumapili hii?"

"Jumapili hii, mzee. Mbona kimya? Unalia?"

"Silii," Lyle alisema, analia. Simu ikanguruma sikioni, akaitazama. Timu ya Russ ilikuwa imeshamchukua Brent, na chini ya jina kulikuwa na maneno: *Brent Hoekstra. Mchezo mmoja. Watu wote watasimama. Hatashuka kwa miguu yake.*

Marcy alipoyasoma hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kumleta Arlene, mjane wa Russ.

Arlene alikuwa mwanamke mfupi aliyefanya kazi ya kupika shuleni, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alishuka ngazi mbele yao, akakitazama kiti cha mumewe, akainusa hewa.

"Shemeji," Lyle alinong'ona, "mwambie Russ aniachie mtoto. Sisi tulimpenda."

"Russ gani?" Arlene aliuliza. "Mume wangu alitabiri kwamba nitazaa mapacha wa kiume. Nikazaa Sheila. Alitabiri mvua, tukaungua jua. Hajapatia kitu duniani, Lyle, na ninyi mnajua. Huyu anapatia vyote, halafu mnamwita Russ?"

Kwenye kona, taratibu kabisa, mpira ulitua ndani ya glavu.

"Mlimwachia nani kiti cha mume wangu?" alisema Arlene. "Hamkuweza kuniuliza? Ningewaambia mfute. Mtu akifa anaachwa apumzike."

"Nimefuta. Hafutiki."

"Mlimwingiza kwa mchezo wenu. Sijui mchezo wenu una mlango gani mwingine. Wewe ndiye kamishna."

Akapanda ngazi, akamvuta Marcy naye, akisema mama wa mtoto asiwepo hapa. Lyle akabaki.

Mlango mwingine ulikuwepo, na alikuwa ameujua tangu alipoyasoma yale maneno, bila kutaka kuutazama. Mchezaji wa mtu unaweza kumpata kwa kumpa mwingine. Aliketi mkabala na kiti cha Russ, akafungua ukurasa wa mabadilishano, akaomba Brent kwa kumtoa mpigaji wake bora. Likarudi jibu: hapana. Akawatoa wawili, akatoa watano, akatoa timu nzima, na kila alipotuma udongo ulinuka zaidi na kile kiti kililia kidogo kama mtu aliyekaa anajiweka vizuri, na Lyle, jasho likimtiririka katika chumba kilichokuwa baridi kiasi cha kuona pumzi yake mwenyewe mwezi wa Julai, akaanza kushuka ile orodha ndefu ya wachezaji wote wa ligi kuu akitafuta jina ambalo lingemtosha huyo aliyekaa, akayapita majina ya vijana wenye mama zao, akaogopa kulishika hata moja, mpaka akafika herufi H na pale, chini ya mahali palipokuwa na jina la mwanawe, akaliona lake.

*Lyle Hoekstra. Mdakaji. Yuko huru.*

Juu alisikia Marcy akifungulia maji. Kisha akajitoa yeye mwenyewe kuwa badala, akaomba Brent, akatuma, na kabla hajainua kidole ombi lilikuwa limekubaliwa. Likabaki moja tu, idhini ya kamishna.

"Unamwacha," Lyle alikiambia kiti. "Unamwacha kabisa." Akabonyeza.

Harufu ikakatika. Alipokishika kiti kilikuwa cha baridi.

Alhamisi aliamka magoti hayaumi. Ijumaa alipanda ngazi akirukaruka, akamdaka Marcy kiunoni jikoni, akaimba bafuni. Jumamosi alikata nyasi zake na za jirani pande zote mbili. Marcy alimtazama akicheka, akasema kumbe alioa kijana. Lyle alicheka naye na akageukia dirisha, maana alijua anang'aa, na alijua kinachofuata kung'aa.

Jumapili walitazama nyumbani. Lyle alikataa kwenda Detroit, hakusema kwa nini. Brent alirusha kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake. Alipotolewa katika raundi ya nane uwanja mzima ulisimama, na Marcy akaacha kupumua, na mtoto wao akavua kofia, akashuka kile kichuguu cha udongo anaposimama mrushaji, kwa miguu yake, akaenda kukaa benchi na kunywa maji. Marcy aliangua kilio cha furaha.

Jioni simu ya nyumbani ililia. Lyle aliipokea.

"Baba, umeniona?"

"Nimekuona, mwanangu. Nieleze."

Simu yake ya mkononi alikuwa ameiacha mezani. Ikawaka. Marcy, bado anapangusa macho, aliichukua akifikiri ni pongezi za majirani. Ilikuwa ile timu, ikiwa na mchezaji mmoja mpya: *Lyle Hoekstra. Ataondoka duniani pale mwanawe atakapokata simu.*

Alimtazama mumewe. Lyle alikuwa anamtazama yeye, simu sikioni, na akatikisa kichwa kidogo kumwomba asimwambie mtoto.

"Na katika raundi ya tatu," Lyle alisema, "ulimrushia nini yule mrefu?"

"Mpira wa kupinda, mzee. Ule ulionifundisha. Sikiliza, basi limefika, wenzangu wananiita."

"Nieleze kwanza huo wa kupinda."

Brent alicheka, akaeleza. Akaeleza na uliofuata. Marcy alivuta kiti akakaa karibu sana, akamshika mumewe mkono uliokuwa na joto, akaisogelea simu ili sauti yake ifike.

"Brent, mwanangu, ni mama," alisema. "Mimi nilikuwa jikoni, sikuona vizuri. Anza tena tangu mpira wa kwanza."